Windows mpya, diski mbovu: kisa cha kompyuta ya steshenari Ngamiani

Katika ufundi wa kompyuta hapa Tanga hakuna huduma inayojulikana zaidi ya kupiga Windows, yaani kufuta kilichomo na kuuweka mfumo upya. Mteja anaingia na mashine kwapani, anaitua mezani, na kabla hajakaa ameshasema anachotaka: ifomatiwe, ipigwe Windows upya. Bei anaijua, kwa kuwa ameshaiulizia kwingine. Muda anaujua, jioni ataifuata. Kitu kisicho na bei mtaani ni kupima. Hakuna anayekuja kuomba mashine yake ipimwe, na mafundi wengi hawapimi kwa sababu hakuna anayewalipa kwa kupima. Kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa kuwa kinaonyesha mazoea hayo yanamgharimu nani, na kwa kuwa mashine za namna hii ziko kila mtaa.

Mashine yenyewe ni kompyuta mpakato ya mtumba, ya zile za kiofisi zinazoingia nchini zikiwa zimeshatumika miaka kadhaa kwingine. Ina prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 6, RAM ya GB 8, na diski ya kuzunguka ya GB 500. Mwenyewe ni mama mwenye steshenari kwenye moja ya zile barabara za namba za Ngamiani. Anatoa fotokopi, anachapa barua, anajaza fomu za mikopo ya wanafunzi msimu wake ukifika, anatengeneza kadi za harusi na ratiba za hitima. Anayekaa kwenye kibodi muda mwingi ni binti wa dada yake. Mashine hiyo ndiyo duka. Ikilala, fotokopi peke yake hailipi pango.

Malalamiko yalikuwa haya. Asubuhi ikiwashwa, binti anamaliza kufagia na kutoa meza nje ndipo inakuwa tayari kwa kazi. Publisher, programu ya kupangia kadi, ikifunguliwa inaganda. Mara nyingine kioo kinageuka bluu na mashine inajizima na kujiwasha yenyewe. Nilipouliza historia, nikaambiwa kwamba fundi mwingine alishapiga Windows mara mbili ndani ya miezi michache, na kila mara mashine ilirudi nyepesi, ikakaa wiki kadhaa, kisha ikaanza kuburuta tena.

"Sasa wewe nipigie vizuri, mwanangu," mama akaniambia. "Yule naona hakuipiga sawasawa."

"Mama, niachie hadi kesho niipime kwanza. Kama Windows ndiyo mbovu, nitaipiga."

"Upime nini tena? Mimi nina kadi za watu hapa."

Akaiacha, lakini kwa shingo upande. Namwelewa. Alikwishalipa mara mbili, na kila siku ya kusubiri ni wateja wanaohamia duka la jirani. Ila maneno yake yenyewe yalikuwa yameshanipa dalili ya kwanza. Windows ikipigwa mara mbili na ugonjwa ukarudi kwa sura ile ile, baada ya muda ule ule, basi shida si namna ilivyopigwa. Fundi wa kwanza alifanya kazi aliyoombwa, na nilivyoiona ilikuwa imefanywa kwa usafi. Aliombwa dawa isiyohusiana na ugonjwa.

Kwa nini mashine ilipata nafuu kila mara

Hapa ndipo watu wengi hupotea, mafundi tukiwemo, kwa sababu nafuu ile ni ya kweli. Mteja haoti. Lazima ieleweke inatoka wapi.

Kufomati kwa haraka, ambako ndiko kunakofanyika karibu kila mara wakati wa kupiga Windows, hakukagui diski. Kunaandika upya orodha inayoonyesha faili gani liko wapi, basi. Ndiyo maana kunaisha kwa sekunde chache. Kufomati kamili ni jambo jingine: tangu Windows Vista, huandika sifuri kwenye patisheni nzima (sehemu ya diski yenye herufi yake, kama C au D) na kutafuta sekta mbovu, yaani vijisehemu vya diski visivyoshika data tena, na kwa diski ya kuzunguka ya ukubwa huu ni kazi ya zaidi ya saa nzima. Nani anaisubiri?

Sasa tazama diski inavyofanya yenyewe. Ikishindwa kusoma sekta fulani, inaiandika kwenye hesabu ya sekta zinazosubiri. Haiwezi kuihamisha palepale, kwa kuwa haijui kilichokuwemo ndani. Siku sekta hiyo inapoandikwa upya ndipo diski inaamua: ikikubali kuandikwa, inaendelea kutumika, ikikataa, anwani yake inahamishiwa kwenye sekta za akiba zilizowekwa kiwandani. Na kupiga Windows ni nini kama si kuandika makumi ya GB upya? Sekta zilizokuwa zinakwamisha zinaandikwa au zinahamishwa, mashine inakuwa nyepesi, fundi analipwa, mteja anashukuru. Uso wa diski nao unaendelea kuchakaa kimyakimya. Sekta nyingine zinadhoofika, masasisho ya Windows yanaangukia juu yake, na wiki kadhaa baadaye tumerudi tulipoanzia, tena pabaya kidogo kuliko mara iliyopita.

Windows mpya hutibu mafaili ya mfumo yaliyoharibika, virusi, draiva (programu zinazoendesha vifaa) zinazogombana, na rundo la programu zinazojiwasha pamoja na mashine. Haitibu diski inayokufa, RAM mbovu, feni iliyojaa vumbi wala chaja isiyotoa umeme wa kutosha. Hiyo ndiyo tofauti ambayo kipimo kinatafuta.

Vipimo

Nilianza na Task Manager, chombo cha Windows kinachoonyesha mashine inashughulika na nini, kisichohitaji hata bando. Diski ilisoma asilimia 100 wakati hakuna programu yoyote iliyofunguliwa. Peke yake hilo si ushahidi, Windows iliyotoka kuwashwa inaweza kushughulisha diski. Ushahidi ulikuwa mstari wa chini: kasi ya kusoma ilikuwa ndogo mno, KB chache kwa sekunde, na muda wa kujibu ulipanda hadi maelfu ya milisekunde, ilhali diski ya kuzunguka iliyo salama hujibu kwa makumi. Diski iliyobanwa na kazi nyingi huonyesha kasi kubwa. Hii haikuwa na kazi, ilikuwa inarudia kusoma mahali pale pale ikishindwa.

Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, nilikuta ujumbe wa namba 7 na wa namba 153 kutoka kwa diski, umejaa. Wa 7 unasema kifaa kina bloku mbovu. Wa 153 unasema ombi la kusoma au kuandika ilibidi lirudiwe. Windows yenyewe ilikuwa na umri wa wiki chache, kwa hiyo hayo hayakuwa makovu ya zamani.

Kisha nikafungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, nayo ikatoa alama ya njano ya tahadhari. Mistari ya kutazama ni mitatu: 05, sekta zilizokwisha kuhamishwa, C5, zinazosubiri, na C6, zilizoshindikana kabisa. Hakuna hata mmoja uliokuwa sifuri. Kwa wanaoanza kuitumia programu hii: tarakimu za safu ya mwisho zinaonyeshwa kwa mfumo wa kumi na sita isipokuwa umebadilisha mpangilio, kwa hiyo "10" pale ni 16. Nimeona watu wakimpa mteja hesabu isiyo sahihi kwa sababu hiyo.

Ila kilichonifurahisha zaidi ni binti. Alikuwa amepiga picha kioo cha bluu kwa simu yake, na maneno yanasomeka: KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR. Maana yake ni kwamba mfumo ulijaribu kurudisha data uliyoiegesha kwenye diski na haikusomeka. Sababu ya kawaida ya kosa hilo ni sekta mbovu. Picha ile moja ilikuwa na thamani kuliko maelezo ya nusu saa, na ningependa kila mwenye duka aige. RAM niliipima hata hivyo kwa MemTest86+ usiku kucha, ikatoka salama, kwa sababu kosa hilo hilo linaweza kutokea upande huo pia.

Likabaki swali la chanzo. Niliendesha amri ya powercfg /batteryreport, nikakuta betri haihifadhi chochote. Binti akathibitisha: mashine inafanya kazi kwa chaja tu, na chaja ikichomoka inazima palepale. Hapo mambo yakakaa sawa. Mashine isiyo na betri hufa ghafla kila umeme unapokatika. Ikifa ghafla, diski inavirudisha vichwa vyake vya kusomea mahali pa usalama kwa nguvu ya mzunguko iliyobaki, na tendo hilo huichosha kuliko kuzimwa kwa utaratibu. Diski huhesabu matukio hayo, mstari wa C0 kwenye programu ile ile, na hesabu yake ilikuwa kubwa sana. Tungeweka diski mpya tukaiacha betri, tungekuwa tumeanza safari ile ile upya.

Kuokoa kabla ya kufuta

Nilimpigia simu mama nikamweleza. Swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: "Vitu vyangu viko D. Si viko salama?"

Imani hii imeenea kila mahali, na haikuzuka bure. Ni kweli kwamba ukifomati patisheni ya C ukaiacha D, yaliyomo D yanabaki. Mafundi wamewaokoa watu wengi kwa utaratibu huo. Lakini C na D ni vyumba viwili chini ya paa moja. Paa likianguka, haijalishi ulilala chumba gani. Diski yake ni moja, na sekta mbovu hazichagui herufi. Isitoshe, binti alikuwa anahifadhi kazi za kila siku kwenye Desktop, na Desktop iko C. Mara mbili zilizopita fundi alikuwa anazihamisha kabla ya kufuta, bila mtu kujua kwamba hilo ndilo lililokuwa likiwaokoa.

Kwenye diski inayokufa, kosa kubwa ni kuanza na chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Amri hiyo ina nia njema, lakini inailazimisha diski isome uso wote na inarekebisha orodha ya mafaili juu ya diski ile ile isiyoaminika. Kilichokuwa kinasomeka kwa tabu kinaweza kupotea katika kurekebishwa huko. Kuokoa kunatangulia.

Niliwasha mashine kwa Linux, mfumo mwingine usio Windows, kutoka kwenye fleshi, Windows isiguse kitu, nikatumia ddrescue kunakili diski nzima kwenda kwenye diski ya nje. Nakipenda chombo hiki kwa sababu ya mpangilio wake: kwanza kinachukua maeneo yanayosomeka kwa urahisi, kinaruka penye tabu, kisha kinarudi kwenye mabaki mwishoni. Kila hatua kinaiandika kwenye faili la ramani, hivyo umeme ukikatika katikati unaendelea ulipoachia. Kunakili kwa kuburuta folda, kinyume chake, kunakwama kwenye faili la kwanza bovu na kuisulubu diski hapo hapo.

Karibu vyote vilitoka. Havikutoka vyote. Folda ya violezo vya kadi za harusi za zamani ilikuwa imekaa juu ya eneo bovu, na baadhi ya mafaili yake yalifunguka nusu au hayakufunguka kabisa. Nilimwambia hivyo hivyo, nikamwonyesha ni yapi. Mara mbili za kupiga Windows bila kupima zilichangia hapo: kila mzigo mpya wa kuandika uliitumikisha diski iliyopaswa kupumzishwa.

Kuna jambo linafungamana na hili ambalo wenye mashine mpya walijue. Diski ya kuzunguka iliyofomatiwa kwa haraka kwa bahati mbaya bado unaweza kuirudishia mengi, kwa kuwa data imebaki hadi iandikwe juu yake. SSD, diski za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka, si hivyo. Windows ikifomati SSD huituma amri ya TRIM, SSD inajua maeneo yale hayana mwenyewe, inayasafisha, na programu za kurudisha mafaili hazikuti kitu. Mazoea tuliyoyapata kwenye diski za zamani yanatupa ujasiri usio na msingi kwenye hizi mpya.

Na kwenye mashine nyingi za Windows 11 diski husimbwa yenyewe (hufungwa isisomeke bila ufunguo) mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, D ikiwemo. Fundi akiifuta C na kupiga Windows upya, D inabaki imefungwa na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku ya kwanza, na mara nyingi ni akaunti iliyofunguliwa na muuza duka kwa jina lolote lililomjia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kugusa mashine ya aina hiyo, ufunguo uonekane kwa macho na uandikwe kwenye karatasi.

Vitu ambavyo havimo kwenye folda

Nilitumia muda mrefu hapa kuliko kwenye kupiga Windows yenyewe, na ndiyo sehemu inayorukwa zaidi. Mtu akisema "vitu vyangu", anamaanisha mafaili. Lakini kompyuta ya kazini ina vitu visivyo mafaili, na vinafutika pamoja nayo.

Barua pepe ya duka, ambayo wateja hutumia kutuma CV na barua za kuchapa, ilikuwa imefunguliwa kwenye kivinjari miaka yote. Mama hakujua nywila, binti hakujua nywila, kivinjari ndicho kilichojua. Baya zaidi, namba ya simu ya kurudishia akaunti ilikuwa ya msaidizi wa zamani aliyekwishaondoka. Diski ingefutwa siku ile, Google ingetaka kutuma namba ya uthibitisho kwenye simu ambayo haiko tena dukani, na anwani iliyobandikwa ukutani na kuchapwa kwenye kadi za biashara ingekuwa imepotea. Windows bado ilikuwa inawaka, kwa tabu. Tukaingia kwenye akaunti, tukatoa nywila zilizohifadhiwa, tukabadilisha namba ya simu ikawa ya mama mwenyewe, na nywila mpya akaiandika kwenye daftari lake la hesabu linalofungiwa kabatini.

Fonti nazo. Kadi za harusi za pale zina fonti za mapambo zilizokusanywa kidogokidogo, na fonti za Kiarabu za kuandikia bismillahi. Hazimo kwenye faili la kadi. Zimo kwenye folda ya Windows. Ukizisahau, kadi zote zinafunguka na mwandiko mwingine, mistari inaruka, na binti anapanga upya kila kitu mteja akiwa amesimama mbele yake. Nilinakili folda nzima ya fonti. Draiva ya printa yake ya zamani nilihakikisha inapatikana kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla sijafuta chochote.

Kuchagua mfumo

Diski ya kuweka haikuwa na mjadala: SSD ya SATA ya inchi 2.5, inaingia mahali pale pale pa ile ya zamani, haina kitu kinachozunguka, na kwa mashine ya umri huu ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote. Betri mpya pia. Mama aliguna kidogo kwa betri, nikamwonyesha mstari wa C0 na kumweleza maana yake, akakubali.

Mfumo ndio ulioniumiza kichwa. Prosesa ya kizazi cha 6 haimo kwenye orodha ya Microsoft ya Windows 11, inayoanzia kizazi cha 8 kwa Intel na kudai TPM 2.0, chipu ya usalama. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna njia za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokubalika, na wapo wanaozifanya kila siku. Mimi sikutaka kumpa duka lililosimama juu ya kitu ambacho mtengenezaji hajaahidi kuendelea kukisasisha. Linux Mint ingeenda vizuri sana kwenye mashine hii, na kwa mwanafunzi ningeiweka bila kusita. Hapa kulikuwa na mamia ya mafaili ya Publisher. LibreOffice inayafungua, lakini mpangilio unavunjika, na kadi ya harusi ni mpangilio mtupu.

Nilichomshauri ni Windows 10 pamoja na mpango wa masasisho ya ziada ya usalama, ambao kwa watu binafsi unafika 13 Oktoba 2026, kama daraja la kuvukia hadi apate mashine ya kizazi cha 8 au zaidi. SSD anaweza kuhama nayo. Nilisisitiza masasisho kwa sababu ya aina ya kazi: steshenari hupokea fleshi za watu wasiojuana kutwa nzima, na hakuna kompyuta inayokutana na virusi vingi zaidi ya hiyo. Publisher yenyewe Microsoft imetangaza kuiondoa Oktoba 2026, kwa hiyo binti ameanza kutoa violezo vinavyotumika sana kuwa PDF na kuvijenga upya kwenye Word. Ni kazi ya kuchosha, na ni bora ifanyike sasa taratibu.

Kraki niliikataa. Windows ya nyuma ilikuwa imeamilishwa kwa programu ya wizi, ya zile zinazokutaka uzime Defender, kinga ya Windows dhidi ya virusi, kwanza. Ukiizima ulinzi ili uruhusu programu usiyomjua aliyeiandika, kisha ukaruhusu fleshi za mtaa mzima, umebakiwa na nini? Na haikuhitajika: mashine nyingi za kiofisi za mtumba zina leseni iliyofungamanishwa na bodi yake. Nilipoweka toleo la Pro lililokuja na mashine na kuunganisha intaneti, ilijiamilisha yenyewe.

Kuweka kwenyewe kulikwenda haraka. Fleshi ya GB 8 iliyoandaliwa kwa chombo cha Microsoft chenyewe. Kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayotangulia Windows, nikabadilisha namna ya kuwaka kutoka ya zamani, Legacy, kwenda mpya, UEFI. SSD tupu nikaichagua bila kugawanya chochote, Windows ikajitengenezea patisheni zake. Wanaokutana na kosa kwamba Windows haiwezi kuwekwa kwa kuwa diski ni ya mtindo wa MBR au GPT wajue tatizo ni hapo: GPT na MBR ni mitindo miwili ya kuorodhesha patisheni za diski, na UEFI inataka GPT, Legacy inataka MBR. D sikuitengeneza. Badala yake kuna diski ya nje inayochomekwa Ijumaa kabla ya swala, nakala ikimalizika inachomolewa na kwenda nyumbani. Draiva ya waifai ilikosekana mwanzoni, nikachomeka simu kwa waya na kushiriki intaneti, na nikaweka alama kwamba mtandao ni wa kipimo ili masasisho yasimalize bando la mama siku ya kwanza.

Malipo niliyaandika kwa mistari tofauti: kupima, kuokoa mafaili, SSD, betri, kazi ya kuweka. Kwa jumla ilizidi bei ya kupiga Windows aliyoizoea, na ilikuwa chini ya alichokwisha kulipa mara mbili ukijumlisha kazi zilizokimbilia kwa jirani. Mashine sasa inawaka kabla binti hajavuta kiti, na umeme ukikatika inaendelea.

Ikabaki diski ya zamani. Kijana mmoja wa jirani aliitaka, aitie kwenye kava aitumie kuhifadhia filamu. "Nifomatie tu," alisema. Nilimwomba mama asiitoe. Ndani yake kulikuwa na skani za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule na fomu za mikopo za watu wa Ngamiani, Makorora na Muheza, waliokuja kuchapa na kuondoka wakiamini mambo yao yameishia pale. Kufomati kwa haraka kusingeondoa hata kimoja. Hata kuandika sifuri diski nzima kusingefika kwenye sekta zilizokwisha kuhamishwa, ambazo zimebaki na yaliyokuwemo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamhusu mwenye steshenari kama inavyozihusu ofisi kubwa.

Mama akasema ivunjwe, na akataka aone. Sahani za diski za kompyuta mpakato mara nyingi ni za kioo, kwa hiyo niliizungushia kitambaa kinene na kuvaa miwani kabla ya kuipiga nyundo. Vipande tuliviziba ndani ya kopo la rangi lililokwisha, na kadi za harusi zikaendelea kutoka.